Shira ya Kuunguza

Kipupwe kilipoingia mwaka huu, Hafidha alikuwa kwenye eda. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka Uluguru ukakaa juu ya mabati ya Kichangani, naye akauona kwa mlango wa uani tu, maana mjane wa eda hatoki ovyo. Mumewe, Rehani, alikuwa mpishi wa hoteli moja mjini. Alianguka kazini mwezi wa Ramadhani ulipokwisha, akakata roho njiani kabla ya kufikishwa hospitali. Hafidha akabaki na nyumba ya vyumba viwili na mama mkwe wake, Bi Raya, ambaye Rehani alikuwa amemshusha kutoka kijijini kwake Kinole, mlimani, baada ya kumkuta amewasha moto chini ya sufuria tupu.

Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka Bi Raya. Aliweza kukueleza kila mdalasini aliopanda usichanani ulikuwa upande gani wa kijito, lakini hakuweza kushika kwamba mwanawe amekufa. Kila alipoamka alimtazama Hafidha, aliyevaa nyeupe juu mpaka chini, akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, umefiwa na nani?"

Siku za mwanzo Hafidha alimwambia kweli. Bi Raya aliangua kilio cha mtu aliyepata habari sasa hivi, na kwake ilikuwa hivyo hasa. Akalia mpaka sauti ikakauka, akalala, akaamka, akauliza tena. Nasra, bintiye Bi Raya aliyeolewa na mwanajeshi huko Ngerengere, akapiga simu.

"Wifi, utamwua mama. Mwambie umefiwa na shangazi yako."

Basi Hafidha akazua shangazi wa Mikese. Bi Raya akawa anampa pole ya huyo shangazi asiyekuwapo, anamwombea kaburi lake liwe na nafasi, halafu anauliza Rehani anatoka kazini saa ngapi.

Kilio kikakoma, lakini na kula kukakoma. "Namngoja mwanangu, nitakula naye," alisema, akausogeza uji pembeni kwa adabu, kama mgeni aliyeshiba. Bangili yake ya fedha, ambayo zamani ilikuwa haivuki kifundo cha mkono, sasa ilipanda mpaka karibu na kiwiko. Nasra akasema Jumamosi anakuja na gari amchukue mama, apelekwe hospitali akatiwe mpira puani alishwe kwa huo. Hafidha akamwona moyoni Bi Raya kitandani akiung'oa mpira, na watu wakimfunga mikono. Usingizi ukampaa.

Ndipo alipokumbuka shira.

Kila kipupwe, magimbi ya mlimani yanapofika sokoni, Rehani alikuwa akipika shira ya kuunguza. Alijifunzia hotelini, ambako waliiita karameli na kuipika kwa siagi na maziwa. Nyumbani aliipika kwa tui zito la nazi, akatia kijiti cha mdalasini wa Kinole na chumvi kidogo, akaimwagia magimbi yaliyochemshwa. Kabla ya mtu yeyote kula alitia tone kwenye kiganja cha mama yake, akasimama kungoja hukumu. Kwa kuwa kilikuwa chakula cha majira ya baridi tu, mama na mwana walikila wamejifunika shuka moja mabegani, wakimcheka Hafidha aliyesema kinakwangua meno.

Hafidha akamwomba jirani yake, Mwaisha, amnunulie sukari, nazi na magimbi. Mwaisha alileta, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ili akune nazi, na asipitwe na jambo.

"Huo mdalasini nao, shoga? Mwenye eda hajitii manukato."

"Nautia kwenye sufuria, Mwaisha, sijipaki kwapani."

"Haya. Malaika wakiuliza, mimi nilikuwa nakuna nazi tu."

Hafidha alicheka, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Akaweka sufuria kavu jikoni, akamimina sukari. Rehani alikuwa haikorogi. Aliizungusha sufuria tu. Ikaanza kuyeyuka pembeni, ikawa rangi ya chai, ikawa rangi ya asali. Hapo Hafidha akaogopa, akamimina tui. Ikatoka shira nzuri, laini, ya dhahabu. Alimtia Bi Raya tone kiganjani. Bi Raya akalamba.

"Tamu," alisema, akajifuta kwa kanga. "Mpe mgeni."

Hafidha alirudi jikoni, akakaa mbele ya mkaa. Alijua alipokosea. Miaka yote ya ndoa yao alimpigia Rehani kelele, "Ipua, inaungua!" Naye hujibu, "Bado, mama, bado," mpaka moshi mwembamba uonekane. Shira yake ilikuwa na uchungu nyuma ya utamu. Hafidha hakuwahi kuipenda.

Akaanza upya. Sukari ikapita rangi ya asali, ikawa nyekundu, ikawa kahawia, ikaanza kutoa povu.

"Shoga, unachoma nyumba!" Mwaisha akainuka.

"Bado," alisema Hafidha. Akaizungusha sufuria. "Bado."

Moshi ulipojitokeza alimimina tui. Sufuria ikaruka kwa mvuke, sukari ikaganda mabonge, naye akaikoroga polepole mpaka mabonge yote yakayeyuka na shira ikawa nyeusi inayong'aa. Harufu ikajaa uani na kuingia chumbani. Hafidha alilazimika kugeuza uso ukutani kwa muda, kwa sababu harufu ile ilikuja na mtu mzima mzima: aproni yake, kukohoa kwake, ndala zake.

Kabla hajafika kitandani na bakuli la magimbi, Bi Raya alikuwa ameshaketi. Alinyoosha kiganja mwenyewe, akatiwa tone. Akalamba, akafumba macho, uso wote ukafunguka.

"Huyo karudi," alisema. "Rehani! We Rehani! Njoo basi, unajificha nini jikoni? Njoo na shuka!"

Hafidha alisimama na bakuli mkononi. Alikuwa amejipanga kwa kukataliwa. Kwa hili hakujipanga.

"Kula kwanza, Mama. Yangali ya moto."

"Nile, aliyepika kasimama? Mwite."

Wakangoja. Bi Raya alitengeneza kanga kichwani, akasogea ukutani ili pabaki nafasi ya mtu kukaa kando yake, akaipigapiga nafasi ile kwa mkono. Alitazama mlangoni bila kupepesa. Mwaisha alifika kizingitini, akaona, akarudi nyuma. Magimbi yakaanza kupoa. Hafidha alijua kwamba akisema Rehani katoka kidogo, mama huyu atangoja hivyo hivyo, kwa furaha ile ile, mpaka Jumamosi.

Akaketi kwenye ile nafasi.

"Mama, nimepika mimi. Nimepika kama alivyokuwa akipika. Rehani amekufa. Tumemzika."

Bi Raya alimgeukia. Macho yalipita usoni, yakashuka kwenye nguo, yakapanda tena.

"Hilo vazi ni la kumlilia mwanangu?"

"Ni lake, Mama. Hakuna shangazi."

Hafidha alijiandaa kwa kilio. Kilikuja, lakini kilikuja kidogo kidogo, bila sauti, machozi yakifuata mikunjo ya uso mpaka kidevuni. Kisha Bi Raya akalitazama bakuli, akakunja uso kwa hasira.

"Nani amekupikisha wewe? Mfiwa anapika? Huu mtaa hauna watu?"

"Wapo, Mama."

"Basi watu gani hao! Lete hapa."

Akampokonya bakuli. Kwa vidole vyake vilivyokonda alivunja kipande cha gimbi, akakichovya kwenye shira, akakipeleka mdomoni kwa Hafidha kama anavyolishwa mfiwa siku ya msiba. Hafidha akatafuna, uchungu na utamu na chumvi. Hakuweza kumeza mpaka Bi Raya alipomgonga mgongoni.

"Na wewe, Mama. Na wewe umefiwa."

Bi Raya alifikiri. "Kweli," alisema, akafungua mdomo.

Walilishana hivyo mpaka bakuli likabaki chini ya nusu. Bi Raya akachoka, akalala akiwa ameshika upindo wa lile vazi jeupe. Hafidha akachukua simu kwa mkono mwingine, akampigia Nasra, akasema kwa sauti ya chini.

"Amekula. Na nimemwambia."

"Umemwambia? Wifi! Kesho ataanza upya!"

"Ataanza. Na mimi nitamwambia tena, na nitalia naye. Tulimwacha peke yake anangoja mtu, sisi tumeshazika. Jumamosi njoo, lakini usije na gari la kumchukua. Njoo ukae naye chini, umpe pole. Tangu Rehani afe, mama yako hajapewa pole na mtu."

Hafidha akamsikia Nasra, huko Ngerengere, akianza kulia.