Fundi Kelele na Picha za Visanduku

Mume wangu mtaani wanamwita Fundi Kelele, na jina hilo hakulipata kwa kuonewa. Anatengeneza cherehani, na kabla hajaugua alikuwa akizisema siku nzima kama watoto watukutu. "Wewe leo una nini? Jana si nilikupaka mafuta?" Aligombana na sindano, akatukana mikanda, akaisifu pedeli iliyokubali kukanyagika. Washonaji walioleta mashine zao walikaa kwenye benchi kumsikiliza hata kazi yao ikiwa imekwisha. Nikimwambia apunguze sauti, majirani wamelala, ananijibu, "Walale, nani kawakataza?"

Halafu kiharusi kikaja kikamchukulia maneno.

Hapa naomba nieleweke, maana wengi hawajaelewa na wengine hawataki kuelewa. Akili yake haikuguswa. Kilichopotea ni majina ya vitu, pamoja na nguvu za mkono wa kulia. Kijiko anakijua, anakilia chakula kila siku, ila umuulize hiki ni nini utamwonea huruma. Macho yanapanda juu, midomo inahangaika, mwishowe anasema "kiatu". Na yeye mwenyewe anasikia kwamba si kiatu. Anapiga paja kwa hasira, na hasira hiyo naijua, ni ya mtu anayeona mlango wa nyumba yake umefungwa kwa ndani.

Yule dada wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kusema upya alitupa kadi za picha za mazoezi. Mpira. Ndizi. Paka. Mwanamume mwenye mvi zake anashikiwa kadi mbele ya pua, anaulizwa, "Hii ni nini, baba?" Alivumilia kwa adabu siku chache. Kisha asubuhi moja alizikusanya zote, akazirusha dirishani. Sikuzifuata. Mvua ilizikuta hukohuko nje.

Binti yetu ndiye aliyemletea mafumbo ya picha. Yako kwenye simu, kwenye tovuti moja ambayo watu wa kila mahali wanaingia kucheza. Unapewa uwanja wa visanduku vitupu, na pembeni yake kuna namba. Namba zinakwambia katika mstari huu visanduku vingapi vilivyofuatana uvitie weusi, na katika mstari ule vingapi. Hakuna kubahatisha, unapima tu hapa na pale mpaka visanduku vyote vikubaliane. Ukimaliza, weusi ule unakuwa picha.

Mimi kichwa changu kiligoma palepale. Yeye alikaa nayo kama mtu aliyeletewa cherehani ya aina asiyoijua. Kidole cha mkono wa kushoto kiligusa, kikarudi, kikagusa tena. Hakuna aliyemuuliza kitu, hakuna aliyemshikia kadi. Picha ya kwanza ilipotoka ilikuwa mwavuli. Aliitazama, akacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Akanigeuzia simu.

"Nyumba," alisema. Akatafuta, akatafuta. "Nyumba ya mkono."

Basi ikawa ndiyo starehe yetu ya baada ya chakula cha mchana, pale karakana kwake, wateja wakiwa wamepungua. Kila picha aliipokea kwa namna yake. Jogoo alipotoka alipiga kelele, "Saa!" Alipotoka samaki, alimsonya, kisha akanionyesha kwa kidole mahali ambapo mchoraji alisahau pezi. Ilipotoka picha ya mzee aliyeegemea fimbo, alifunga simu, akaigeuza kifudifudi mezani, na hakunisemesha kwa neno wala kwa ishara mpaka jioni. Sikumlaumu. Hata mimi ile picha niliichukia.

Chini ya kila picha kuna mahali pa kuandika, na watu wanaandika mambo. "Nilidhani chungu, kumbe kobe!" "Mwavuli huu ni uyoga, mnatudanganya." Nikaona, kama wao wanasema, na mume wangu atasema. Chini ya ule mwavuli nikaandika, "Mume wangu ameona nyumba ya mkono." Mtu mmoja akanijibu, "Huyo bwana ni mshairi?" Nikamwandikia, "Ni fundi cherehani, na hajakosea." Tangu siku hiyo kila picha niliiwekea maneno yake pamoja na jina lake la mtaani, na wako watu waliokuwa wanaingia pale kuuliza Fundi Kelele leo kaona nini. Nilimsomea. Alijitia hajali, lakini masikio yalisimama.

Na kazi ilikuwa inaendelea, msije mkadhani tulikuwa tunacheza tu. Mkono wake wa kushoto ulijifunza, na mkono wa kulia nikawa mimi. Ananyoosha kidole, nampa bisibisi. Nikimpa spana, ananifokea, "Hapana! Hapana!" Hilo neno kiharusi kilimwachia, sijui kwa nini, na alilitumia kikamilifu. Kila kifaa anachokifungua anakilaza kwenye kitambaa kwa mpangilio kilivyotoka kwenye mashine, kutoka kushoto kwenda kulia, na ole wako ukikisogeza kwa kufuta vumbi. Wakati wa kurudisha anaanzia kulia. Hahitaji kuita jina la skrubu ili airudishe mahali pake. Cherehani zilikuwa zinaingia zimegoma na kutoka zinashona.

Sasa nije kwa shemeji yangu, kaka yake mkubwa.

Shemeji akija karakana anazungumza nami juu ya kichwa cha mume wangu, kana kwamba pale kuna kiti kitupu. "Anakula vizuri?" ananiuliza. Namjibu, "Muulize mwenyewe, masikio yapo." Anacheka kidogo, halafu anazungusha macho ukutani. Alikuwa na rafiki anayetafuta mahali pa kufungulia duka la simu, na chumba chetu cha karakana kinatazama barabara. Marehemu baba yao alikiacha kwa ndugu wote wawili, kwa sharti kwamba anayekifanyia kazi asisumbuliwe maadamu anafanya kazi. Kwa hiyo shemeji alihitaji kitu kimoja tu, mume wangu aonekane hafai tena kazi. Alisema kwa sauti ya upole, "Mgonjwa apumzike nyumbani, shemeji, mbona mnamtesa?" Upole wake ulikuwa unanikera kuliko matusi.

Mchana mmoja alitukuta tumemaliza fumbo. Picha ilikuwa ngamia. Mume wangu, kwa furaha yake, akamwonyesha kaka yake na kumwambia, "Mlima... mlima unatembea."

Shemeji hakucheka. Aliniaga, akaondoka. Kumbe alipotoka pale alipita kwa ndugu, nyumba hii na ile, akiwaambia kwamba mdogo wake anaona milima inatembea. Akili zimeruka, aliwaambia, mke anaficha. Maneno yakamfikia baba mdogo, ndugu wa baba yao, ambaye katika ukoo ule akishasema limepita. Baba mdogo akaitisha kikao. Akimwona mwanawe hana akili timamu, ufunguo wa karakana unakwenda kwa shemeji. Niliomba jambo moja, kikao kifanyike karakana, asije akahukumiwa akiwa kitandani kama mtu anayesubiri kufa. Baba mdogo akakubali.

Siku hiyo nilifagia, nikapanga viti. Mume wangu alivaa shati lake la kola, na vifungo alivifunga mwenyewe kwa mkono mmoja, polepole, nami nikijizuia kumsaidia. Niliogopa, sitaficha. Bila karakana ile mume wangu angekuwa mtu wa kuanikwa juani na kuingizwa ndani.

Baba mdogo alikaa karibu na mlango, mahali penye upepo. Shemeji hakungoja chai.

"Baba mdogo, usisikilize maneno yangu, usikie kwake mwenyewe," alisema. "Kila siku wanakaa hapa na mapicha ya kwenye simu. Mimi namwonyesha picha moja tu. Aseme ni nini. Akiweza, nanyamaza kimya, sitazungumza tena habari za chumba hiki."

"Haya," alisema baba mdogo. "Moja tu."

Shemeji akachukua simu juu ya meza, akafungua ile tovuti, akabonyeza fumbo jipya. Akakunja uso. Akaisogeza simu karibu, akaiweka mbali.

"Mbona hakuna picha? Mmeifuta?"

"Picha haipo mpaka mtu aitafute, shemeji," nilisema.

"Basi itafute."

"Mtihani ni wako. Itafute wewe."

Alijaribu, jamani. Alibonyeza huku na huku kama anaua sisimizi, na tovuti ikawa inamwekea alama nyekundu kila anapokosea. Baba mdogo akakohoa. Shemeji akaanza kusema kwamba haya mambo ya kitoto hayana maana, tutafute picha nyingine, hata kwenye kalenda. Hapo mume wangu akanyoosha mkono wake wa kushoto. Kwa ishara, leta.

Kidole kilikwenda kwenye mstari, kikapanda, kikashuka. Baba mdogo aliinama mbele kidogo kidogo mpaka miwani ikamshuka puani. Mimi nilikuwa nyuma ya bega la mume wangu, nikaona weusi unaota kutoka chini, tumbo, shingo, kisha kitu kilichotokeza mbele, kipana. Bata. Katika vitu vyote, ndege! Wanyama na ndege ndio waliokuwa wakimtesa kuliko vyote.

Akajaza kisanduku cha mwisho, akaiweka simu katikati ya meza ili wote waone.

"Haya, mdogo wangu," alisema shemeji. "Ni nini hicho?"

Macho yakapanda juu. Midomo ikaanza kuhangaika. Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu linawasha kama pilipili, silabi mbili tu, ningejifanya nakohoa nikamtupia. Mume wangu aligeuka akaniona. Akatikisa kichwa. Alinikataza, pale pale, mbele ya watu waliokuja kumnyang'anya kazi yake, na mimi nikauma mdomo kwa hasira na kwa mapenzi.

"Kuku," alisema.

Shemeji akapiga makofi mara moja. "Mmesikia wenyewe."

"Hapana!" Mume wangu akapiga meza, skrubu zikaruka kwenye kopo. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. "Kuku... kuku wa..." Mkono wake wa kushoto ukapita hewani juu ya meza, taratibu, unayumba. "Kuku wa maji."

Kisha mabega ya baba mdogo yakaanza kutikisika.

"Kuku wa maji," alirudia mzee, akavua miwani kufuta machozi ya kicheko. "Haki ya nani, nimemwona akiogelea."

Hata mimi nilicheka, nikilia. Nilidhani yamekwisha. Lakini shemeji alikuwa amesimama, na ule upole wake ulikuwa umemtoka wote.

"Baba mdogo, hilo si jina lake! Mtoto wa darasa la kwanza anajua huyu anaitwa bata. Mteja gani ataleta mashine yake kwa mtu wa namna hii? Mnacheka, mnamdanganya, na huyu mwanamke anamwonyesha kwa watu huko kwenye simu kama kikaragosi. Tukubali tu yaishe. Mdogo wangu niliyemjua alishakwenda. Huyu aliyebaki hapa simjui."

Baba mdogo aliacha kucheka. Mimi nilikuwa nimeshajaza kifua, nina majibu ya kumtosha yeye na kizazi chake, na ningeyatoa yote.

Mume wangu akanishika mkono. Akaegemea ukingo wa meza, akasimama, ikamchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akamtazama kaka yake mkubwa usoni. Tangu augue, ukiacha ile hapana yake, sijamwona akisema neno bila kulitafuta kwanza, na mimi huwa naliona likitafutwa. Safari hii macho hayakupanda juu na midomo haikuhangaika.

"Toka," alisema.

Baba mdogo akaikunja miguu yake pale mlangoni, shemeji apate pa kupita.