Rambirambi za Aliye Hai

Msiba wa bibi yangu, ambaye hajafa, uligharimu bafta mita tano, unga wa mahindi debe moja na sado mbili, maharage sado tatu, sukari kilo nne, mizigo saba ya kuni, mgomba mmoja, na nusu siku ya wanaume kumi na wanne wenye majembe. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata mizigo minane ya kuni, kumbe mmoja ulikuwa wa kwetu wenyewe.

Kosa ni langu, na kazi yangu ndiyo iliyonifikisha hapo. Mimi hufa kwenye filamu.

Nilianza kufa nikiwa na miaka kumi na tisa. Kabla ya hapo nilikuwa nauza peasi na matunda damu sokoni Lushoto. Siku moja alipita mgeni mmoja mwenye kofia ya sufu, akauliza bei ya ndoo ya peasi, nikamtajia, naye akataka kulipa robo yake. Nilipiga ukelele. Sikukusudia, kuna bei zinazouma kama kidole kwenye mlango. Yule bwana hakucheka wala hakuondoka. Akaniambia, "Rudia."

"Ya kwanza ilikuwa bure," nikamjibu. "Ya pili elfu tano."

Akalipa. Ndiye dairekta wangu hadi leo. Alikuwa amepanda milimani kutafuta ukungu kwa ajili ya filamu za kutisha, maana huko mjini moshi wa kukodi ni ghali na unakohoza watu. Nikamwambia ukungu wa huku ni wa Mungu, autumie atakavyo, ila mimi si ukungu. Tukapatana alipe kwa kifo, si kwa siku. Kufa kitandani ni bei moja. Kufa porini ni bei nyingine, kwa sababu ya siafu. Kufa ndani ya maji ya mto, kwa baridi ya mwezi wa saba, hiyo tunakaa chini tunazungumza.

Hadi sasa nimekufa mara tisa, mara kumi ukitia na ile waliyoikata. Nimekuwa maiti, mzimu, jini, na bi harusi aliyerudi kudai mahari yake. Damu tunakamua kutoka kwenye matunda damu, na weupe wa uso ni unga wa muhogo. Sokoni bado nina meza yangu. Wako wateja wanaonikwepa na wako wanaonijia kwa sababu hiyo hiyo, na nikiwaweka kwenye mizani naona wanalingana.

Bibi ndiye aliyenilea, kule Vuga, na bila radhi yake siendi popote. Filamu yangu ya kwanza aliitazama kwenye simu ya jirani mwanzo hadi mwisho, kisha akarudisha simu.

"Umekufa vibaya," akaniambia. "Maiti hafumbui jicho kuangalia kama watu wameondoka."

Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Sasa, sanda. Tulikuwa tunapiga filamu upande wa Gare, na mimi nilikuwa bi harusi anayezikwa asubuhi ya harusi yake. Dairekta akaleta shuka. Shuka lilikuwa jeupe, sawa, lakini lina maua ya waridi kwenye pindo. Nikamwambia hakuna mtu wa milima hii atakayeogopa maiti aliyefungwa kwa maua ya waridi. Akanipa elfu ishirini nikanunue bafta ya kweli, akasema chenji itakayobaki ni yangu. Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu kama mimi huwezi kumwambia neno la namna hiyo halafu ukamngojea kwa amani.

Nikaenda kwa mzee mmoja wa duka la vitambaa pale Lushoto mjini, ambaye asili yake ni Vuga kama sisi na anamfahamu bibi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za Vuga?"

"Nzuri. Nataka bafta, mita tano."

Mkono wake ukasimama juu ya meza. Mita tano za bafta hazishonwi gauni.

"Ya sanda?"

"Ya sanda. Mita unauzaje?"

"Elfu nne."

"Fanya elfu mbili, mzee wangu, nachukua zote tano."

Akavua kofia yake, akaiangalia ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo, akaivaa tena. "Sanda haina mapatano, mwanangu. Hujafundishwa?"

"Nimefundishwa kwamba kila kitu kina mapatano."

"Bibi yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, amelala." Na ni kweli, nilimwacha amelala. Kifua kilikuwa kinamsumbua wiki ya pili.

"Mmeshazika?"

"Bado," nikasema. "Kesho asubuhi na mapema, ukungu usipotuangusha."

Mtu yeyote aliyekulia kwenye Kiswahili ataelewa nilivyoteleza. Ukiulizwa kama umeolewa, na hujaolewa, husemi hapana, unasema bado. Ukiulizwa kama una watoto, ni bado. Hapana ni kumfungia Mungu mlango. Mimi kichwani nilikuwa na bi harusi wangu na kaburi lake la Gare, nikajibu kwa adabu jinsi nilivyofundishwa. Mzee alikuwa na mtu mwingine kichwani.

Akapima kitambaa polepole, akakikunja, akakifunga kwa gazeti.

"Poleni sana. Lete elfu kumi na mbili."

"Tumeshapoa," nikamjibu, maana pole kwetu hupewa hata aliyejikwaa, nami nilidhani ananipa pole ya mihangaiko. Nikatoka dukani nimevimba kichwa. Elfu nane, na sikutumia hata dakika kumi! Ningekuwa na akili ningejiuliza. Bei haiporomoki yenyewe. Ikiporomoka bila kusukumwa, kuna kitu kimeibeba.

Siku hiyo nililala Gare na wenzangu. Simu zote huwa zinakusanywa kwenye beseni ili zisilie katikati ya maziko. Alfajiri ukungu ukaja wa kutosha, nikazikwa mara tatu, ya tatu ikakubalika. Dairekta akaisifu sanda jinsi ilivyokaa. Halafu akaniita pembeni akanipa habari ambayo nilikuwa naisubiri kwa miaka minne: filamu inayofuata mimi ndiye mhusika mkuu. Hafi. Watu wengine wote wanakufa, yeye anabaki hadi mwisho.

"Na malipo?" nikauliza. "Maana sisi tunalipana kwa kifo."

"Tutakulipa kwa uhai," akasema.

Nilishuka Soni na furaha hiyo, nikachukua bodaboda ya kupanda Vuga. Kijana alinitazama masikioni, ambako unga wa muhogo haukutoka vizuri, akasema, "Pole sana, dada. Nauli acha." Nikafikiri leo bahati imenikalia.

Nyumbani nikakuta viatu mlangoni. Nilivihesabu, sikuweza kujizuia: jozi thelathini na moja. Nikavihesabu tena, zikabaki thelathini na moja. Wanawake walikuwa uani wamejifunika kanga, sufuria kubwa iko juu ya mafiga. Wanaume walikuwa wanakuja kutoka nyuma ya nyumba, miguu yao ina udongo mwekundu. Viatu vingi hivyo kwenye nyumba ya mgonjwa vina maana moja. Nikakaa chini palepale juu ya viatu vya watu, mfuko wenye sanda uko mapajani, na neno pekee lililonijia ni kwamba nilimwacha amelala na sikumuaga.

Kisha nikasikia sauti yake kutoka uani.

"Chumvi hiyo ni ya msiba wa nani? Ongezeni maji!"

Alikuwa amekaa kwenye mkeka anapukuchua maharage. Nikamwamkia. Akaniitikia, halafu akanitazama hadi nikainamisha macho.

"Umenizika salama?"

Hadithi nilipewa kwa vipande. Mzee wa duka alimpigia ndugu yake Vuga. Sisi Waislamu hatumlazi maiti bure, kwa hiyo hadi jua linatoka watu walikuwa wameshagawana kazi: wenye majembe wamepanda moja kwa moja makaburini, wanawake wamekuja nyumbani na mizigo. Mama jirani ndiye aliyefika wa kwanza, akamkuta marehemu anakunywa chai. Akashikwa na aibu, akasema amekuja kumjulia hali. Akaja wa pili, naye kaja kumjulia hali. Alipoingia wa tano, bibi akaangalia kichwani kwake.

"Mgonjwa haletewi kuni," akasema. "Nani kafa?"

Wote wakainama kupanga kuni.

"Nauliza, nani kafa?"

"Ni wewe, bibi," mama jirani akasema.

Bibi akaomba amalizie chai kwanza. Baadaye akaenda mwenyewe makaburini kuwaona wachimbaji, ambao walikuwa wamefika kiunoni. Akawaambia kaburi ni jembamba, kwamba yeye hata akikonda mabega yake ni ya baba yake. Wazee wakasema kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu, wakakata mgomba wakauzika, dua ikasomwa, na kwa kuwa maharage yalikuwa yameiva, watu wakala. Nami nikala. Yalikuwa na chumvi kweli.

Nilitegemea hasira. Bibi hakukasirika hata kidogo. Jioni, watu walipotawanyika, nikamweleza kuhusu filamu ile ya mimi kubaki hai, nikamwomba radhi ya kwenda. Akafikiri.

"Nenda," akasema, "ila kwanza rudisha vya watu. Kila kitu kwa mwenyewe. Mimi siwezi kufa na deni la msiba wangu."

Nikaona ni kazi ndogo. Kurudisha kitu si sawa na kukiomba.

Nilianza kwa mama jirani, na sado moja ya unga. Hakunipisha hata kizingiti. "Unaniletea unga wa msiba mlangoni kwangu? Una nini na mume wangu? Kikohozi chake umekisikia, siyo?" Nikarudi nao kichwani.

Nikaenda mjini kwa mzee wa duka na elfu nane yake. Akaisukuma kwa ncha ya kidole. "Nilimpa maiti."

"Maiti hayupo, mzee."

"Atakuwepo," akasema. Akaongeza haraka, "Sote tutafika huko, inshallah." Pesa hakuigusa.

Wachimbaji kumi na wanne niliwakuta wanapalilia. Niliwaomba wanipe nusu siku nami niwalimie. Wakacheka hadi mmoja akakaa chini. "Dada, kaburi hulipwa kwa kaburi. Ukitaka kulipa, njoo siku yetu. Lakini usije na hamu!"

Na huo ndio ukweli wenyewe: kwetu rambirambi hairudishwi ila mwenzako naye afiwe. Ili niwe huru inabidi nyumba ishirini na sita zilizochangia zipate msiba, na zipate upesi, kwa sababu dairekta anataka jibu Ijumaa. Nimecheza majini na mizimu, lakini sijawahi kucheza mtu anayekaa barazani anawahesabia majirani kikohozi.

Nikapata wazo la kuwaalika wote waje kula kwetu mara moja, iwe ndiyo malipo. Bibi akaniuliza ni lini niliona mtu wa Vuga anakwenda kula kwa mwenzake mikono mitupu. Wangekuja na unga mwingine. Nilipiga hesabu, deni lingekuwa karibu mara mbili.

Kifua cha bibi kimepungua. Ananiuliza kila asubuhi nimefikia nyumba ya ngapi, nami namjibu sijafika hata ya kwanza, naye anaendelea na maharage yake. Hanisukumi. Angenisukuma ningebishana naye, na kwenye kubishana huwa napata kitu.

Kwa hiyo nauliza, na mimi si mtu wa kuuliza bila kuwa na bei yangu mfukoni. Wewe unayesoma, pengine mmewahi kupatwa na jambo kama hili kwenu, au una mzee anayejua mila kuliko wetu. Rambirambi ya mtu aliye hai inalipwaje, bila kumtakia jirani kifo na bila kumvunjia bibi neno lake? Niambieni kabla ya Ijumaa.