Hezron na Nahodha wa Saza

Mvua zilipoanza kunyesha Saza, kiwanja cha mpira kiligeuka tope, na Hezron akabaki hana raha. Alikuwa fundi seremala. Milingoti ya magoli ya kiwanja kile aliichonga yeye, kwa mti wa mninga, miaka michache baada ya vita vya Hitla kwisha. Tangu siku ile aliiona timu ya mgodi wa dhahabu kama ukoo wake.

Vijana wale waliajiriwa kwa ajili ya miguu yao. Walipewa kazi nyepesi za juu ya ardhi, si za shimoni, na jioni walicheza. Masika yote Hezron aliranda mbao huku akiwapanga kichwani. Raphaeli abaki winga ya kulia, maana hakuna beki wa Mbeya aliyewahi kumshika. Kipa Nikodemo afundishwe kutoka golini mapema, lakini mikono yake, Mungu ambariki, ilikuwa kama nyavu. Na katikati, bila shaka, Lusubilo.

Lusubilo ndiye alikuwa nahodha. Hakuwa mrefu wala hakuwa na mbio za ajabu. Ila mpira ukimfika, wenzake wote walitulia, kama watoto waliomwona mama yao akirudi kutoka shamba. Katika mchezo wa mwisho kabla ya mvua, timu ikiwa nyuma kwa bao moja, aliuchukua mpira mbele ya goli lake mwenyewe, akatembea nao kana kwamba anakwenda kisimani, akawapita watu wanne na kumpa Raphaeli afunge. Hezron alilisimulia bao lile mpaka mkewe, Enesi, akalijua kwa moyo.

Basi siku moja ikaja habari kwamba Lusubilo ameaga. Amechukua lori la mahindi kwenda Tunduma, ili avuke mpaka na kumfuata kaka yake kwenye migodi ya shaba huko Rodeshia.

Hezron aliweka randa chini. "Mama Ferista," alimwambia mkewe, "nakwenda Mpemba, kule njia ya Tunduma, kumsalimu dada Jenista."

"Jenista hujamsalimu tangu Ferista hajaota meno," Enesi alisema. "Nenda kamtafute nahodha wako. Chukua na viazi, utaona njaa njiani."

Alipanda lori moja, likakwama kwenye matope. Akatembea, akapanda jingine. Njia nzima alitunga maneno ya kumzuia yule kijana. Atamwambia timu itakufa. Atamwambia wazee wanamlilia. Alipofika Tunduma alikuwa ameloa mpaka kwenye mifupa, na maneno yake yalikuwa yamepangika vizuri.

Alimkuta Lusubilo barazani kwenye duka karibu na mpaka, amekaa juu ya sanduku la bati pamoja na wasafiri wengine.

"Fundi!" Lusubilo aliinuka. "Umefiwa?"

"Sijafiwa. Nimekufuata wewe."

Lusubilo akacheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akamkalisha, akapandisha mguu wa suruali. Goti la kushoto lilikuwa limevimba kama kibuyu.

"Liko hivi tangu kiangazi," alisema. "Mchezo ule wa mwisho nililifunga kitambaa."

"Ndiyo sababu ulitembea na mpira?"

"Kukimbia nilikuwa siwezi, fundi."

Hezron alilitazama lile goti. Miezi yote ile alikuwa akiusifu mwendo ule wa taratibu, hakujua kwamba kila hatua iliuma. Maneno aliyoyatunga njiani yakamtoka kichwani.

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wenzangu wangeingia uwanjani na hofu." Alishusha suruali. "Kaka yangu atanifundisha kuendesha lori. Timotheo atashika nafasi yangu. Nakuomba jambo moja: watu wasimlinganishe na mimi. Ana mchezo wake. Akiachwa aucheze, atawafurahisha."

Walikula viazi vya Enesi pamoja. Lori la kwenda ng'ambo lilipofika, Hezron alibeba lile sanduku la bati mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Alisimama kwenye mvua mpaka mlio wa lori ukapotea. Ndipo akaenda Mpemba kweli, na dada yake Jenista alipomwona mlangoni alipiga vigelegele.

Kiangazi kilipoingia, timu ya Mbeya ikaja Saza. Timotheo alikuwa kijana mnene wa mapaja, mwenye pupa. Mara mbili alipoteza mpira, na mara ya pili wageni wakafunga. Watu pembeni wakaanza kuimba, "Lusubilo! Lusubilo!" Kijana akainamisha kichwa.

Hezron, ambaye hata kanisani hakuwahi kusimama kusema neno, aliruka mbele ya watu. "Nyamazeni!" alipaza sauti. "Lusubilo mwenyewe amemchagua huyu! Nimeyasikia kwa masikio yangu, Tunduma! Mwacheni acheze mpira wake!"

Wimbo ukakatika. Timotheo aliyasikia maneno yale, maana aligeuka kutazama. Kuanzia hapo alibadilika. Hakutembea na mpira, aliuvamia. Aliwanyang'anya wageni miguuni mwao, akaanguka, akainuka, akapiga mkwaju wa mbali uliomwacha kipa wa Mbeya amepiga magoti, mpira umeingia golini. Wageni walipata bao la pili mwishoni, Saza wakafungwa mbili kwa moja, lakini watu walimbeba Timotheo mabegani kana kwamba wameshinda.

Hezron alirudi nyumbani sauti imemkauka. Enesi alimtengea ugali na maharage.

"Mmeshinda?"

"Tumefungwa."

"Mbona meno yote nje?"

"Mama Ferista, ungemwona yule kijana! Alipoupata mpira pale upande wa mtoni..." Akauacha ugali upoe, akasukuma kigoda nyuma na kusimama ili amwonyeshe.