Samli ya Mguu wa Mama

Mwaka ule risasi zilikuwa zimenyamaza Bunia, lakini nyumbani kwetu, mtaa wa Ngezi, mabegi ya kukimbia yalibaki yamefungwa nyuma ya mlango. Mama alikuwa na kansa ya kizazi iliyokwisha kufika kwenye ini. Kwamba atakufa tulijua sote, naye wa kwanza. Aliomba kitu kimoja tu: amwone kitinda mimba wake, mdogo wangu wa kike, aliyekimbilia Uganda wakati wa vita na hakuwahi kurudi. Habari ikaja kwamba angevuka ziwa na kushukia Kasenyi siku ya Alhamisi.

Jumatatu mguu wa kushoto wa mama ukavimba. Ule wa kulia ulikuwa mfupa na ngozi. Huu uling'aa, mwekundu, wa moto. Muuguzi aliyekuja kumtazama aliugusa kidogo tu, akanivuta nje.

“Kansa iko nawasha mwili yote, damu inakuwa muzito,” akaniambia. “Imeganda mu mushipa ya muguu. Nitamupiga piki, sindano ya kulainisha damu, kila asubuyi. Lakini musikande huu muguu, hata kidogo. Kile kipande cha damu kikitoka, kinapanda mpaka mu mapafu, kinakata pumuzi.”

Nilimsikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba sikusikia.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Kwetu kitu kikivimba kinakandwa: kiwele cha ng'ombe, mgongo wa mzazi, kifundo cha mtoto. Maji moto kwanza, kisha samli. Jumatano dada mkubwa wa mama akafika kutoka kijijini, maana njia ilikuwa wazi wiki ile, na chupa ya samli ndani ya kitambaa. Alipoona mguu haujaguswa akanitazama kana kwamba nimeacha ndama kwenye matope.

“Munganga alikataza,” nikasema, nikimtaja yule muuguzi.

“Munganga iko na mama yake kwake. Huyu ni wako.”

Naye mama, ambaye tangu Jumatatu hakuwa amelala kwa maumivu, akasema kwa sauti ndogo: “Unikande, mutoto yangu. Kesho nataka niende mpaka ku mulango, anikute nasimama.”

Hasira zangu ninazo, kila mtu Ngezi anajua. Siku ile nilizimaliza zote kwa yule muuguzi, moyoni: mtoto wa shule, atatufundisha nini juu ya mguu wa mama yetu? Nikapiga magoti. Nikakanda kutoka kifundo kwenda pajani, kwa nguvu, kama nilivyofundishwa. Mama akafumba macho, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

“Hapo. Hapo hapo.”

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Akaomba tumsimamishe, ajaribu. Alipiga hatua mbili, akashika kifua, akawa anatafuta hewa kwa mdomo wazi. Hakufika mlangoni.

Mdogo wangu aliwasili Alhamisi mchana, akakuta watu wamejaa uani. Mama mkubwa akamshika bega.

“Shukuru dada yako. Alimukanda mama na mikono yake mpaka dakika ya mwisho.”

Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli, mtoto kama huyu ni baraka. Mdogo wangu akaichukua mikono yangu, akailaza mashavuni pake, akalia na kunishukuru. Nikamwacha ashukuru.