Mgeni wa Chumba cha Mbele

Mwaka ule mji wetu wa Kisumu ulipokuwa ukijiandaa kupokea mkutano mkubwa, barabara zilitiwa lami, mitaro ikafunikwa, na miche ya miti ikapandwa mahali ambapo juzi tu akina mama walikuwa wakiuza ndizi. Hoteli zilijaa mapema. Kila mtu mwenye chumba cha ziada alianza kukiangalia kwa jicho jingine. Mimi nilikuwa na vitatu. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wako Nairobi, na nyumba yetu kwenye njia ya kwenda Dunga, ufukweni mwa ziwa, ilikuwa kubwa mno kwa mjane na redio yake.

Nikapaka rangi, nikanunua shuka na vyandarua. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja akasimama mlangoni. Alikataa kuketi.

"Shem, nyumba ya ndugu yangu haitageuzwa lodging."

"Si lodging. Ni nyumba ya wageni."

"Watu watauliza tofauti ni nini."

Kwetu neno hilo lina harufu yake. Linawafanya watu wafikirie wawili walioingia mchana bila mizigo. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani, na kusema kweli nililiogopa kuliko alivyoliogopa yeye.

Mkutano ukaja, ukapita. Hakuna aliyebisha geti langu.

Wiki chache baadaye binti mmoja alinipigia simu kutoka Jinja, ng'ambo ya mpaka. Baba yake alitaka kuja kuliona ziwa upande wa Kisumu, na alitaka mahali patulivu. "Moyo wake si mzuri sana," alisema. "Mwangalie tu, mama."

Mzee alifika jioni, amevuka mpaka pale Busia kwa basi, amevaa koti la kahawia, na mkoba mmoja mkononi. Alikula ugali kidogo, akaniuliza kama Dunga ni mbali, akashukuru, akaenda kulala chumba cha mbele. Nilimpa ufunguo wa chumba na wa geti.

Asubuhi nikachemsha chai. Saa mbili. Saa tatu. Saa nne nikabisha.

"Mzee? Chai iko tayari."

Kimya. Mlango umefungwa, pazia limeshushwa, simu yake haipatikani. Nami sikuwa nimeweka ufunguo wa pili, ujinga ambao sijaurudia. Nilisimama kwenye korido. Akilini nilimwona yule binti akipokea habari. Niliwaona polisi getini na majirani ukutani. Mgeni wangu wa kwanza, na amefia kwangu.

Nikampigia shemeji. Ningempigia nani mwingine?

Alifika kwa bodaboda na hakunilaumu hata kwa neno moja. Alibisha, akatega sikio, kisha akautupia mlango bega. Mara ya tatu fremu ikapasuka.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Hakukuwa na mtu. Shemeji aliinama akachungulia hata uvunguni.

"Hayuko," akasema, na hapo ndipo nikaanza kuogopa upya, maana ziwa liko pale chini.

Geti likalia. Mzee aliingia, suruali imekunjwa hadi magotini, samaki wawili wakubwa aina ya ngege wakining'inia kwenye kamba mkononi mwake.

"Habari ya asubuhi, mama. Nilitoka mapema kwenda Dunga, sikutaka kukuamsha." Kisha akauona mlango. "Nani alitaka kuingia?"

Shemeji alikuwa ameshika bega lake lililoumia. "Ni mimi, Mzee. Tulidhani umekufa."

Mzee akacheka hadi ikabidi aketi kwenye ngazi. Mimi sikucheka. Nilienda jikoni, nikaegemea sinki, nikalia kidogo, na mwili wote ukawa mwepesi kama mtu aliyetuliwa debe la maji.

Niliwapika wale ngege kwa nyanya na kitunguu. Tukiwa mezani mzee alieleza kwamba ujanani alifanya kazi kwenye meli za mizigo kutoka bandari ya Port Bell, upande wa kwao. Alikuwa ametia nanga Kisumu mara nyingi, lakini hakuwahi kupita geti la bandari.

"Baba yetu alikuwa kuli hapo bandarini," shemeji akasema.

"Basi huenda alinibebea magunia!"

Walikaa hapo hadi alasiri, wakibishana kuhusu rangi ya meli fulani. Shemeji, ambaye alikuwa hajaketi katika nyumba ile tangu nipake rangi, aliongezewa ugali mara mbili.

Kesho yake alimleta fundi wa mlango bila kuombwa. Mzee alikaa siku nne badala ya mbili. Binti yake alipouliza hali yake, nilisema amechomwa na jua kidogo.

Baadaye, mchana mmoja wa Jumamosi, simu yangu ililia. Alikuwa shemeji, na nyuma yake makanga walikuwa wakiita abiria.

"Shem, nimekutana na mtu na mke wake hapa stendi, wametoka Mwanza, hawana pa kulala. Nafasi iko?"

"Iko," nikasema. "Walete."