Senge Nyuma ya Leso

Ukitaka kununua sidiria kwa Nangila pale soko la Kitale, ilibidi kwanza ukubali kuchekwa. Mitumba yake aliitandaza kwenye turubai karibu na lango: sidiria, petikoti na vitu vingine ambavyo wanaume wakivipita hukumbuka ghafla kutazama mawingu. Mwanamke akiinama kuchagua, Nangila alimwacha achague mpaka apate, kisha akamuuliza, "Hiyo unanunulia nani?" Mteja akijibu kwamba ni ya kumfurahisha bwana, ananyang'anywa.

"Rudisha hapo. Ati ikufinye mbavu siku mzima, halafu mtu azime taa hata hajaiona? Chukua yenye wewe mwenyewe unasikia raha ukivaa."

Biashara gani hiyo ya kumfukuza mteja? Lakini walirudi, tena na wenzao. Nangila alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Kamukuywa, mwanamke wa mdomo mpana na kicheko cha kuamsha watoto. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Agneta, aliyeolewa Bungoma na fundi wa baiskeli jina lake Wabwile.

Sasa, mwaka wa elfu mbili na tano redio ndogondogo zilikuwa zimechipuka kila mji kama uyoga, na Kitale nayo ikapata yake. Mtangazaji wa mchana alikuwa Shamira, binti wa mtaa wa msikitini, mtandio kichwani na ulimi usio na breki. Siku moja alikuja kutafuta petikoti, akasikia wanawake wakifunzwa pale juu ya turubai, akasahau kilichomleta.

"Mama, haya maneno si uje uyaseme redioni?"

"Redioni? Nani atauza vitu vyangu?"

"Ni saa nane mchana. Soko yenyewe hulala saa hiyo."

"Na nitaitwa nani? Mimi nina wakwe, usiniletee maneno."

Shamira akamuuliza kwao anayefundisha maharusi huitwaje, maana kwa kina nyanya yake Shamira mtu huyo huitwa somo. Nangila akamwambia kwa Wabukusu ni senge, dada ya baba. Mama mzazi hathubutu kumwambia binti yake mambo ya chumbani. Hiyo ni kazi ya senge. Shida ni kwamba masenge wenyewe wamehamia mijini, wengine wameona hayo ni ushamba, na wasichana wanaingia kwenye ndoa kama mtu anayeingia nyumba ya giza akipapasa ukuta. Agneta mwenyewe aliolewa hivyo hivyo. Marehemu babake alizaliwa kati ya wavulana watupu, hakuna dada hata mmoja. Asubuhi ya harusi Nangila alimwambia binti yake avumilie na asichome ugali, basi, kwisha. Yule yule aliyefunza soko zima.

Ndivyo alivyopata jina la Senge. Wacha nikwambie, wanawake walimpenda! Saluni zilizima vikaushio ili watu wasikie. Senge alisema mwanamke si godoro. Ana hamu yake, na haki ya kusema hapa sawa, hapo hapana, na wewe bwana polepole, hakuna anayekukimbiza. Mama mmoja alipiga simu kutoka Kapsokwony akasema miaka yote alidhani kule kutamani kwake ni ugonjwa, hata alishawahi kutaka kumwambia daktari. "Pole mama," Senge akamjibu. "Wewe ni mzima kuliko sisi wote." Wanaume nao walinung'unika kwamba huyu mama anawaharibia mabibi, lakini ikifika saa nane redio zilikuwa wazi hadi kwa vinyozi.

Nangila aliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Alikuwa amefika umri huo bila mtu yeyote kumuuliza anaonaje, na sasa watu walishika foleni kwenye simu.

Agneta alijua, kwa sababu nani asiyejua sauti ya mama yake? Lakini kipindi kikianza alizima redio. "Mama, mimi siwezi," alimwambia. "Watu wasikie, lakini si mimi." Wabwile hakuambiwa kitu. Angeambiwaje? Kwa watu wao mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja hugeuka. Wabwile akija Kitale alikaa sebuleni, Nangila akabaki jikoni, salamu zikipitia kwa Agneta kama barua. Heshima kubwa sana, na matokeo yake ni kwamba tangu harusi Wabwile alikuwa amesikia kikohozi cha mama mkwe wake tu, naye Nangila hakuijua sauti ya mkwe wake hata kidogo.

Basi mwanamume mmoja akapiga simu kutoka Bungoma. Hakutaka kutaja jina, akasema aitwe Mwanafunzi.

"Senge, bibi yangu ananyamaza. Nikimkaribia ananyamaza tu, mpaka naona kama ninamuibia."

"Ukifika nyumbani unamsalimia?"

"Namsalimia."

"Unamsalimia aje?"

"Si naurizia chakula."

Shamira alilazimika kuweka wimbo ili acheke vizuri. Wimbo ulipokwisha, Senge akaendelea. "Sikiza, kijana. Bibi si jembe, ati utamtoa ukutani siku yenye unataka kulima. Unafanya kazi gani?"

"Ya mikono. Ya grisi."

"Hapo sasa. Hiyo mikono inakwaruza mtu. Chukua sukari na mafuta ya kupikia, sugua mpaka iwe laini, halafu kaa na yeye, muongee. Muulize anapenda nini. Na asipojibu leo, usikasirike. Hakuna mtu amewahi kumuuliza."

Mwanafunzi akapiga tena wiki iliyofuata kutoa ripoti, na nyingine, na nyingine. Siku aliyosema kwamba bibi yake amecheka, saluni za Kitale zilipiga makofi. Alikuwa mtu wa haya, mwenye kuchanganya l na r akianza kubabaika, na kila mwanamke aliyekuwa akimsikiliza alitamani mwanamume wake apige simu kama yeye. Nangila alimpenda kama mwanawe.

Kisha Agneta akaja Kitale kumtembelea mama yake. Alikuwa amenawiri, akiimba jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe. Nangila akafurahi kimoyomoyo, asiulize. Agneta ndiye aliyelalamika, tena kwa tabasamu.

"Mama, nisaidie sukari nirudi nayo. Huyu bwana anaimaliza. Ati kila jioni anaosha mikono na sukari na mafuta."

Nangila aliketi. Ushauri ule alikuwa amempa mtu mmoja tu maishani mwake, wa Bungoma, mwenye kazi ya grisi, na fundi wa baiskeli ana mikono gani? Alikumbuka yote aliyomwambia Mwanafunzi, moja baada ya jingine, mengine yakiwa hayasemeki hata mchana wa leo, na yote hayo alikuwa amemwambia mkwe wake, redioni, Kitale mpaka Bungoma wakisikia. Mwanamume akigundua jambo kama hilo atauficha wapi uso? Atamrudisha Agneta Kitale na mabegi yake, na ukoo mzima utasema amefanya vyema. Raha yote hii aliyoiona usoni mwa mtoto ingekwisha kwa sababu ya mdomo wa mama. Akamjazia sukari kwenye karatasi. Amwambieje? Mama hamwambii binti yake mambo ya chumbani.

Mbio akaenda kwa Shamira. "Huyo wa Bungoma nisimsikie tena hapa."

"Mama, haiwezekani. Ndiye nyota wetu." Shamira akamweleza kwamba Muhdhar, mwenye kituo, ameshatangaza: Jumamosi kipindi kitarushwa moja kwa moja kutoka Bungoma, Senge akutane na wasikilizaji ana kwa ana, na Mwanafunzi ameahidi kuja na jogoo wa shukrani. Senge asipofika, kipindi kinakufa na saa yake inapewa mazungumzo ya mpira.

Nangila hakumweleza Shamira sababu, aibu ilimziba. Alifikiri, akafikiri, kisha akasema atakwenda, lakini ataongea akiwa nyuma ya leso. Ndivyo alivyozoea: mkwe akiwepo, unaweka kitu katikati. Shamira akaona huo ni ubunifu wa hali ya juu, pazia na kila kitu, watu watajaa. Nangila naye akapumua. Mkwe asipoona uso, atajuaje? Mwanamke mwenye akili zake zote, lakini hofu ikiingia akili hutoka, bana.

Jumamosi uwanja wa Bungoma ulifurika. Mafundi waliacha baiskeli zikiwa na magurudumu juu, wauza mboga wakaja na vikapu vyao, akina mama wa kanisa wakaja wakidai wanapita tu. Leso mbili nyekundu zilining'inizwa kwenye kamba ndani ya hema, na nyuma yake akaketi Nangila na maikrofoni, akiona miguu ya watu tu. Akaanza vizuri. Akachekesha, akafunza, akamkemea mmoja aliyejidai mbele ya bibi yake. Alikuwa ameanza hata kusahau kinachomtisha, ndipo mama mmoja mzee wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti.

"Mbona senge amewekewa nguo mbele? Hiyo si kujificha. Hiyo ni mama mkwe."

"Umesema nini?" jirani yake akauliza.

"Nimesema katikati yetu hapa kuna mkwe wake."

Lo! Ungewaona wanaume. Maana kila mtu Bungoma anajua kinachomfanya mama mzima aongee na mwanamume nyuma ya nguo. Yule aliyekuwa akicheka akafunga mdomo. Kila mmoja akaanza kujiuliza mama mkwe wake anakaa wapi na yeye alishawahi kupiga simu siku gani. "Wangu yuko Malakisi," mmoja akasema haraka, "mimi niko sawa." Mwingine akanong'ona kwamba wake yuko Kitale, na wenzake wakajisogeza mbali naye kama mwenye surua. Mmoja alipanda baiskeli yake akaondoka bila kuaga.

Shamira hakuelewa chochote. Aliona watu wamepoa, akaamua kuwachangamsha. "Mwanafunzi wa Bungoma, uko wapi? Tokea!"

Wabwile, ambaye minong'ono ile haikumfikia kule nyuma, akajitokeza, jogoo kwapani, akimvuta mkewe kwa mkono mwingine. Agneta alikuwa amekataa kuja, lakini hakuweza kutoa sababu, akaja kwa nia ya kusimama nyuma kabisa. Sasa ndiyo kwanza anajua Mwanafunzi ni nani. Nyuma ya leso, Nangila aliona viatu vya bluu vya mtoto wake vikija vikiburuzwa.

"Senge," Wabwile akaanza, "mimi ndiye yule wako. Nimeretea wewe jogoo. Na huyu ndiye bibi yenye nilikuwa nakuambia."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama mzee alikuwa akimwangalia Agneta. Watu wakamfuata kumwangalia Agneta, na Agneta alikuwa akiiangalia ile leso, machozi yakimlengalenga. Wabwile akamtazama mkewe, akaitazama leso, akamtazama tena mkewe. Jogoo alimponyoka akakimbilia chini ya viti. Wabwile akageuka upesi akaipa leso mgongo, kama inavyompasa mwanamume aliyekutana na mama mkwe wake njiani, na kwenye uwanja ule uliojaa hapakuwa na hata aliyekohoa. Redio nayo ilikuwa kimya. Huko Kitale watu walidhani betri zimekwisha.

Nangila alijifunika uso kwa viganja. Nimeivunja nyumba ya mtoto wangu, alijiambia. Aliona miguu ya Wabwile ikipiga hatua ya kuondoka. Kisha akaviona viatu vya bluu vikisogea karibu na maikrofoni.

"Msitafute tena," Agneta akasema. Sauti ilimtetemeka, na spika zikaikuza. "Huyo ni mama yangu. Huyu ni bwana yangu. Alipiga simu kwa sababu yangu, na mama alimjibu bila kumjua. Wote wawili hawana makosa."

Akaigeukia leso.

"Mama, wewe hukuweza kuniambia, na mimi sikuweza kukuuliza. Ikabidi umwambie yeye, yeye ndio akaniambia. Mimi nina raha nyumbani kwangu. Ninasema mbele ya watu: nina raha. Mwenye anaona aibu aende nayo kwake."

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa yule mama mzee. Wengine wakapokea, wauza mboga, akina mama wa kanisa waliokuwa wakipita tu, mpaka hema ikatikisika. Wabwile hakugeuka, heshima ni heshima. Alinyoosha tu mkono wake nyuma, mbele ya Bungoma yote, na Agneta akaushika. Nangila alilia kwa sauti nyuma ya leso, na hakukumbuka kuzima maikrofoni, Kitale nzima ikamsikia.