Mzizi wa Ng'ambo ya Mto

Mama mkwe wangu alikuwa na mdomo usiojua likizo. Alisalimia hata watu walio juu ya lori, akauliza na habari za ng'ombe wao. Lakini akienda kuchimba dawa alinyamaza. Kwetu, pembezoni mwa Iringa kuelekea Ruaha, mwenda kuchimba hasemi na mtu mpaka dawa ichemke. Akiitikia hata salamu, mzizi umegeuka kuni. Ukikutana na mwanamke mwenye kajembe na kikapu, unampisha njia tu.

Mtoto wangu wa kwanza alianza kuhara kabla hajajua kukaa. Mume wangu alikuwa Mufindi, kwenye mashamba ya chai. Hospitali ilikuwa Iringa mjini, na lori lilikuwa limepita jana yake. Tulimpa maji ya majani ya mpera, hayakusaidia. Mama mkwe akamshika utosi, akauona umebonyea. Akachukua kajembe, akavuka mto kuingia pori la akiba, kwa kuwa mti wenyewe huota kwenye vichuguu vya huko tu.

Pori lilikuwa chini ya Bwana Nyama, ofisa wa serikali wa kulinda wanyamapori, na askari wake wa zamu alikuwa mgeni, mtu wa pwani. Hakuwa mkali. Wanawake waliomwomba vizuri aliwaachia hata kuni zao. Alimkuta mama mkwe akitoka na mzizi, akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Kimya. Akamuuliza anatoka wapi. Kimya. Mtu mzima asiyeitikia shikamoo, akadhani, lazima anaficha mitego ya wanawe. Akamzuia alale kambini, amngoje mkubwa wake. Hayo tuliyajua baadaye.

Watu huniuliza, kwa nini hakusema tu kwamba mjukuu anakufa? Maswali ya watu walioshiba hayo. Angesema, angeniletea nini?

Mtoto alikufa alfajiri. Tukamzika jua halijawa kali. Sikulia. Wanawake walisema nina moyo mgumu.

Askari mkubwa, mwenyeji wa kwetu, alifika kambini mchana, akaona kajembe, akaelewa, akamwachia. Alasiri mama mkwe akaingia uani. Wanawake wa matanga walikuwa wamekwenda kuchota maji. Alinipita bila neno, akaosha mzizi, akaukatakata, akabandika chungu. Nilipaswa kumwambia. Nilikaa nikitazama moshi. Chungu kilipochemka, akageuka.

"Haya, mwanangu, mlete mtoto."

"Tumeshamzika, mama."

Akaipua chungu. Akakaa kitako pale jikoni. Kisha akaniuliza, "Maziwa yanauma?"

"Yanauma."

Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na majani, akayapasha motoni, akanifunga nayo kifuani kwa khanga. Alijua kazi yake. Baada ya siku chache maziwa yalikauka. Nilimchukia kwa hilo, maana yale maumivu ndiyo kitu pekee nilichokuwa bado nakisikia.